Kupanga Ujenzi wa Ndege ya Skeli ya Umeme kwa Hewa ya Dodoma: Mwongozo Kamili

Michoro mingi ya ndege ndogo za rimoti inayopatikana mtandaoni ilichorwa na watu wanaorusha ndege zao karibu na usawa wa bahari, kwenye hewa ya ubaridi na juu ya majani yaliyofyekwa vizuri. Anayejenga ndege hiyo hiyo Dodoma, kwa vipimo vile vile na uzito ule ule, atapata ndege inayolazimika kukimbia zaidi ili ibaki angani, inayohitaji njia ndefu zaidi ya kuruka na kutua, na inayochelewa kuinuka pale ambapo ya mwenzake wa pwani imekwisha kupanda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga ujenzi wa ndege ya skeli, yaani nakala ndogo ya ndege halisi, inayoendeshwa kwa umeme. Tutaanza na hewa ya hapa, kisha tutashughulika sana na uzito, kwa sababu uzito ndio ulio mikononi mwa mjenzi.

Hatua ya kwanza: ifahamu hewa utakayorukia

Uwanja wa ndege wa Dodoma upo mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni karibu hektopaskali 886, ilhali kwenye usawa wa bahari ni 1,013. Joto likifika nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ya Dodoma huwa na kilo 1.02 hivi. Hewa ya kawaida wanayoitumia wahandisi wa ndege katika mahesabu yao, yaani ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15, ina kilo 1.225. Pengo hilo ni karibu asilimia 17. Hata ukilinganisha na Dar es Salaam kwenye joto hilo hilo la nyuzi 30, hewa ya Dodoma bado ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13.

Nguvu ya bawa ya kuinua ndege hutegemea densiti ya hewa, yaani uzito wake kwa mita ya ujazo, ikizidishwa kwa kasi mara kasi. Densiti ikipungua kwa asilimia 17, kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaweza kuibeba ndege hupanda kwa asilimia 10. Kwa mahesabu ya nyumbani napendekeza kanuni fupi: gawanya uzito wa ndege kwa kilo kwa eneo la bawa kwa mita za mraba, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 4. Utapata kasi ya chini ya kuruka kwa mita kwa sekunde, katika hewa ya mchana wa Dodoma, kwa bawa la kawaida ambalo flapu zake, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoongeza nguvu ya kuinua, hazijashushwa. Kwa hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, namba ya kuzidishia ni 3.65. Andika kanuni hii ukurasa wa kwanza wa daftari lako la ujenzi, kwani tutairudia kila tunapofanya uamuzi.

Saa ya kuruka nayo ina uzito wake katika mpango. Asubuhi ya Julai, joto likiwa nyuzi 14, hewa ya Dodoma hufika kilo 1.08 kwa mita ya ujazo, ambayo ni asilimia 6 zaidi ya ile ya mchana wa nyuzi 30. Kwa hiyo anayeruka kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi hupata hewa nzito zaidi, na zaidi ya hapo hupata utulivu kabla upepo wa mashariki wa kiangazi haujaamka na kabla jua halijaanza kuinua vimbunga vya vumbi. Hata hivyo, fanya mahesabu yako yote kwa hewa ya mchana. Ndege iliyopangwa kwa hali ngumu itaruka kwa raha asubuhi.

Hatua ya pili: tafuta ruhusa kabla ya kutoa fedha

Nchini Tanzania vyombo vinavyoruka bila rubani ndani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Waandikie au fika ofisini kwao ukiwa na maelezo mafupi ya kile unachokusudia kujenga: uzito, urefu wa mabawa, aina ya betri, na eneo unalotaka kurukia. Uliza ni kibali gani kinahusika na ndege yako, na kama kibali cha upande wa ulinzi kinahitajika pia. Omba majibu kwa maandishi. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na uwanja wake wa ndege uko ndani ya mji, ilhali eneo la uwanja mpya wa kimataifa ni Msalato, kaskazini mwa mji. Kwa hiyo si kila tambarare iliyo wazi inafaa hata kama haina mtu. Ukishapata eneo lililo mbali na viwanja hivyo na majengo ya serikali, fika kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ujieleze, na zungumza na wafugaji wanaopitisha mifugo hapo. Kelele na mwendo wa ndege huwashtua ng'ombe, na mchungaji aliyeelezwa mapema atakusaidia kuliko yule aliyeshtukizwa.

Hatua ya tatu: chagua ndege halisi ya kuigiza

Watu wengi huchagua ndege kwa uzuri wake. Hilo halina ubaya, lakini kabla hujaamua, gawanya urefu wa mabawa mara wenyewe kwa eneo la bawa, ujue bawa ni jembamba kiasi gani. Tulinganishe ndege mbili ambazo zimetumika sana katika viwanja vidogo vya Tanzania. Cessna 208B Grand Caravan ina mabawa ya mita 15.87 kutoka ncha hadi ncha na eneo la mita za mraba 25.96, hivyo jibu lake ni 9.7. Cessna 206 ina mabawa ya mita 10.97 na eneo la mita za mraba 16.3 hivi, jibu lake 7.4. Maana yake ni kwamba ukijenga modeli mbili zenye urefu sawa wa mabawa, tuseme mita 1.37, ile ya 206 itakuwa na eneo la mita za mraba 0.255, na ile ya Caravan itakuwa na 0.194 tu. Kwa uzito sawa wa kilo 1.4, kanuni yetu inaipa 206 kasi ya chini ya mita 9.4 kwa sekunde, karibu kilomita 34 kwa saa, na inaipa Caravan kilomita 39 kwa saa. Kilomita tano hizo, juu ya njia ya vumbi yenye visiki na miiba ya migunga, ndizo zinazoamua kama ndege itatua au itapinduka.

Kwa sababu hiyo mfano wetu hadi mwisho ni Cessna 206. Bawa lake lipo juu, jambo linaloipa utulivu na kuweka mabawa mbali na vichaka, na kiwiliwili chake kina kuta karibu bapa ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzikata kwa kisu na rula. Kasoro yake ni pua fupi, na tutaiona athari yake katika kuweka mizani ya ndege.

Hatua ya nne: chagua skeli

Ukipunguza ndege kwa skeli ya 1:8, urefu wote hugawanywa kwa 8, maeneo hugawanywa kwa 64, na ujazo kwa 512. Cessna 206 yenye urefu wa mita 8.61 inakuwa na mita 1.08, mabawa yanakuwa mita 1.37. Uzito wake wa juu wa kurukia, kilo 1,633, ukigawanywa kwa 512 unatoa kilo 3.2. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ndiyo shabaha. Si shabaha, kwa sababu kwa kilo 3.2 kanuni yetu inatoa kasi ya chini ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na modeli inayokimbia hivyo haiwezi kuonekana kama ndege halisi inayokuja kutua kwa upole. Modeli nzuri ya umeme yenye skeli hii inapaswa kuwa chini ya nusu ya uzito huo.

Kuna kipimo kingine kinachosaidia kulinganisha ndege za ukubwa tofauti. Chukua eneo la bawa kwa mita za mraba, lizidishe kwa kipeuo chake cha pili, kisha gawanya uzito kwa kilo kwa jibu hilo. Kwa ndege yetu, 0.255 mara 0.505 ni 0.129, na kilo 1.4 ukigawanya kwa 0.129 unapata karibu 11. Ndege za mafunzo huwa kati ya 5 na 7, za michezo kati ya 8 na 10, na za skeli huanzia 10 hadi 13. Kwa hiyo ndege hii haimfai mtu ambaye hajawahi kushika rimoti. Ajifunze kwanza kwa ndege nyepesi ya mafunzo.

Skeli ya 1:6 ingetoa mabawa ya mita 1.83 na ndege inayoruka vizuri zaidi katika hewa yetu, lakini ingehitaji betri kubwa na usafiri wa gari. Skeli ya 1:10 ingebebeka hata kwenye daladala, ila bawa lake la mita za mraba 0.163 halivumilii kosa lolote la uzito. Mimi nasimama na 1:8, bawa likigawanywa vipande viwili vya sentimita 68 na nusu.

Hatua ya tano: andika bajeti ya uzito na uiheshimu

Hapa ndipo mpango wenyewe ulipo, na ndipo ningemtaka msomaji atumie jioni kadhaa kabla ya kugusa kisu. Bajeti ya uzito huandikwa kama bajeti ya fedha: kila kitu kina fungu lake, na kikizidi fungu lake lazima useme kitapunguzwa wapi. Kwa shabaha ya gramu 1,400 napendekeza mgawanyo huu:

Betri ya seli tatu, mAh 2,200: gramu 190
Mota na kishikio chake: 80
Kidhibiti mwendo cha ampea 40: 40
Propela na koni yake: 30
Servo (vimota vya kugeuza usukani) sita ndogo pamoja na nyaya: 65
Risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti): 15
Magurudumu na miguu: 110
Bawa zima, nguzo zake na kiungo: 320
Kiwiliwili: 330
Mkia: 70
Rangi na gundi ya umaliziaji: 80
Akiba: 70

Fungu la akiba lisiguswe kwenye hatua za mwanzo, maana litaliwa lenyewe na vipande vidogo vya plaiwudi, skrubu na selotepu ambavyo hakuna anayevikumbuka wakati wa kupanga. Nunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, ya jikoni inatosha, na pima kila kitu siku kinapoingia nyumbani. Uzito ulioandikwa na muuzaji wa mota au betri mara nyingi hauhesabu nyaya na plagi.

Vifaa vya kujengea pia vipimwe kabla ya kukatwa. Kata kipande cha bodi ya foamu cha sentimita 10 kwa 10, kipime, zidisha kwa 100, na umepata gramu kwa mita ya mraba. Kwa kipande kidogo namna hiyo mizani ya gramu moja hukosea sana, hivyo ni vyema kupima vipande kumi kwa pamoja na kugawanya. Ukijua namba hiyo, piga hesabu ya eneo lote la kuta za kiwiliwili na uone kama gramu 330 zinatosha. Zisipotosha, badilisha kifaa sasa, wakati bado ni hesabu ya kwenye karatasi.

Uzito wa mkia usimamiwe kwa ukali wa pekee. Kwenye 206 umbali kutoka kitovu cha uzito hadi mkiani ni mkubwa kuliko mara mbili ya umbali hadi puani, hivyo kila gramu moja inayozidi mkiani itadai zaidi ya gramu mbili za risasi (metali nzito ya kusawazishia) puani ili ndege isawazike. Mkia wenye gramu 100 badala ya 70 utaongeza karibu gramu 100 kwa ndege nzima, na fungu lako la akiba litakuwa limekwisha kwa kosa moja.

Hatua ya sita: mota, propela na betri

Mota ya umeme haivuti hewa kama injini ya petroli, kwa hiyo haipotezi nguvu zake kwa sababu ya kimo. Kinachopoteza ni propela, ambayo kwa mizunguko ile ile inasukuma hewa nyepesi zaidi, na kwa hiyo inatoa msukumo pungufu huku ikimdai mota nguvu pungufu pia. Hii ni nafasi nzuri kwa mjenzi wa umeme: mota bado ina uwezo, anachotakiwa ni kuipa propela ya kutosha.

Kwa ndege ya skeli ya aina hii wati 200 kwa kila kilo zinatosha pwani. Kwa Dodoma panga 220. Kilo 1.4 zinatoa wati 308, ambazo kwa betri ya seli tatu, volti zikiwa zimeshuka kidogo kwa mzigo hadi 10.8, ni ampea 28 au 29. Kidhibiti mwendo cha ampea 40 kinaacha nafasi nzuri, na nafasi hiyo ina maana hapa kwa sababu hewa nyepesi na ya moto hupoza vifaa polepole. Tafuta mota yenye KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti, kati ya 900 na 1,000. Tengeneza tundu la hewa kuingia puani na jingine la kutokea nyuma ya kiwiliwili, la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza.

Katika kuchagua propela, kumbuka kwamba nguvu inayodaiwa hupanda pamoja na kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, lakini hupanda sambamba tu na hatua ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Namba ya kwanza ya propela ni kipenyo, ya pili ni hatua. Kutoka propela ya inchi 10 kwa 5 kwenda 10 kwa 6 ni nyongeza ya asilimia 20, ambayo inafidia karibu kabisa pengo la hewa yetu. Kutoka 10 kwa 5 kwenda 11 kwa 5 ni nyongeza ya asilimia 46, ambayo inafidia pengo na kuzidi. Kwa hiyo panga kuwa na propela za 10 kwa 5, 10 kwa 6 na 11 kwa 5, na uziamue kwa mita ya wati, ndege ikiwa imefungwa imara na hakuna mtu aliyesimama mbele au ubavuni mwa propela. Fanya kipimo hicho Dodoma. Namba kutoka kwenye jedwali la kiwanda zilipimwa mahali pengine.

Hakikisha pia kwamba propela inaweza kuipeleka ndege mbio za kutosha. Mota ya KV 1,000 kwa volti 10.8 ikiwa na mzigo huzunguka kama mara 8,600 kwa dakika. Kwa hatua ya inchi 6, ambayo ni mita 0.152, hewa inasukumwa kwa mita 22 kwa sekunde, karibu kilomita 79 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kasi yetu ya chini ya kilomita 34, na ndivyo inavyotakiwa.

Betri ya mAh 2,200 ina nishati ya wati-saa 24. Ukitumia asilimia 80 yake na ukiruka kwa wastani wa wati 130, una dakika 9. Weka saa ya rimoti kwenye dakika 7. Ampea 28 kutoka betri hiyo ni kama mara 13 ya ujazo wake, hivyo betri iliyoandikwa 25C au 30C, yaani inayoweza kutoa mara 25 au 30 ya ujazo wake, inatosha na hakuna haja ya kulipia 60C iliyo nzito zaidi. Wapo wanaofikiria kutumia seli za duara zilizotolewa kwenye laptop mbovu, lakini seli hizo kwa kawaida hazikutengenezwa kutoa mkondo wa namna hii, na zikilazimishwa zitapata moto kabla ndege haijapanda. Kila seli ya lipo, yaani betri ya lithiamu-polima tunayotumia, ijazwe hadi volti 4.2, isishushwe chini ya volti 3.5 ikiwa inafanya kazi, na ihifadhiwe kwenye volti 3.8. Chaji kwa ampea 2.2, ukiwepo karibu, juu ya sakafu ya saruji. Betri iliyovimba isitumike tena. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda mfupi wa kunywa chai.

Hatua ya saba: michoro

Tafuta mchoro wa pande tatu wa ndege halisi na uuhakiki kabla ya kuukuza. Pima kwenye mchoro urefu wa mabawa na urefu wa ndege, gawanya kimoja kwa kingine, na linganisha na 10.97 kwa 8.61, yaani 1.27. Ikiwa jibu limepishana, mchoro ulivutwa upande mmoja wakati wa kunakiliwa. Maduka yanayochapa michoro ya majengo, ambayo Dodoma yapo kwa sababu ya ujenzi mwingi, yanaweza kuchapa karatasi ya A0, na kiwiliwili chetu cha sentimita 108 kinaingia humo bila kukatwa. Nusu ya bawa inaingia kwenye A1. Omba wachape pia mstari wenye urefu wa sentimita 50 kamili, uupime kwa rula ukiwa bado dukani.

Mambo matatu yabadilishwe kwa makusudi kutoka ndege halisi. Kwanza, bawa la Cessna 206, ukilikata na kulitazama ubavuni, lina umbo liitwalo NACA 2412. Kwa modeli tumia umbo liitwalo Clark Y, ambalo sehemu kubwa ya chini yake ni bapa na kwa hiyo hujengwa kwa usahihi juu ya meza. Pili, ncha za mabawa zipindwe kwa digrii mbili, ukingo wa nyuma ukiwa juu, ambayo kwa bawa lenye upana wa milimita 140 kwenye ncha ni kuuinua milimita 5. Msokoto huo huifanya sehemu ya katikati ya bawa ipoteze nguvu kabla ya ncha, na ndege ikipungua kasi hushusha pua badala ya kulala ubavu. Katika hewa nyepesi sioni sababu yoyote ya kuuacha. Tatu, pima eneo la bawa la mkia. Likiwa limefika sehemu moja ya tano ya bawa kuu, yaani sentimita za mraba 510, liache lilivyo, na likipungua likuze kidogo.

Hatua ya nane: vifaa na muundo

Mbao ya balsa ni vigumu kuipata hapa, na ukiiagiza itakuja kwa bei kubwa. Bawa zuri linaweza kujengwa kwa povu jeupe gumu linalokuja na majokofu na televisheni, ambalo maduka mengi hulitupa. Likate kwa waya wa moto, nje ya nyumba kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu, ukifuata vibao viwili vya plaiwudi vyenye umbo la Clark Y. Kiini cha bawa zima kitakuwa na gramu 80 hivi. Lifunike kwa karatasi ya kaki iliyopakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Juu na chini kwa pamoja huongeza gramu 75, na likikauka huwa gumu kwa namna ya kushangaza. Ndani weka fito mbili za paini zenye milimita 6 kwa 6, moja juu na moja chini, kila moja gramu 25 hivi. Chagua mbao kavu yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na jicho. Gundi ya viatu isikaribie povu, kwani huliyeyusha. Jaribu kila gundi na kila rangi kwenye kipande cha kutupa kwanza.

Nguzo za pembeni zinazoonekana kwenye 206 halisi zifanywe zibebe mzigo kweli, kwa mianzi au fimbo za kaboni, badala ya kuwa pambo. Zitaruhusu kiungo cha katikati kiwe chepesi.

Kiwiliwili kijengwe kwa bodi ya foamu, na plaiwudi nyembamba iwekwe sehemu tatu tu: ukuta wa mota, mahali bawa linapofungwa, na mahali miguu inapofungwa. Miguu ya nyuma itengenezwe kwa bapa la alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha. Gurudumu la ndege halisi lina kipenyo cha sentimita 44 hivi, ambacho kwa skeli ni milimita 55. Kwa ardhi yetu weka 75, na yawe ya foamu, kwa sababu miiba haiyatoboi. Mguu wa mbele ndio dhaifu kuliko yote katika ndege ya aina hii. Utengeneze kwa waya wa chuma cha springi wenye milimita 3, na uufunge kwenye ukuta ule ule unaoshika mota. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa. Rangi nyeusi juu ya povu hukusanya joto la jua hadi bawa lipinde.

Hatua ya tisa: kusawazisha na kujaribu

Kitovu cha uzito kiwe kwenye asilimia 25 hadi 27 ya upana wa wastani wa bawa, ambao ni milimita 186. Hiyo ni milimita 47 hadi 50 nyuma ya ukingo wa mbele. Panga sanduku la betri liwe na nafasi ya kusogea sentimita 4 mbele na nyuma, ili betri yenyewe ifanye kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na risasi. Mlango wa betri uwe juu au ubavuni, usiohitaji kuondoa bawa.

Kisha jaribu bawa. Fungulia ndani ya kiwiliwili, kwenye kitovu cha uzito, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, na watu wawili wainue ndege polepole kwa kushika ncha za mabawa tu. Mzigo huo ni takriban sawa na mara nne ya uzito wa ndege angani, kiasi ambacho hakipaswi kuzidi katika mizunguko ya kawaida. Likitoa mlio au likipinda bila kurudi, limekwisha kukupa jibu.

Rimoti na risiva zijaribiwe kwa hali ya nguvu ndogo kwa umbali wa hatua 30, propela ikiwa imetolewa. Weka mpangilio wa kwamba mawasiliano yakikatika mota inazima yenyewe, na uthibitishe kwa kuzima rimoti. Baada ya kila siku ya kuruka puliza mota, kwa kuwa sumaku zake hunasa chembe za chuma zilizomo kwenye vumbi letu jekundu.

Mwisho pima ndege nzima ikiwa na betri. Ikiwa ni gramu 1,400 au chini, iko tayari. Ikiwa ni kati ya 1,400 na 1,550, iruke asubuhi tu, mahali penye njia ndefu, na flapu zipangwe kushuka nusu wakati wa kuondoka. Ikizidi 1,550, kasi yake ya chini mchana inakaribia kilomita 36 kwa saa. Rudi kwenye daftari, linganisha kila fungu na uzito halisi, na anza kupunguza kwenye mkia.